Nazi Aliyoikuna Babu

Alasiri za nyumbani kwetu Kibokoni zilikuwa na sauti yake: kwaru, kwaru, kwaru, chuma kikila nazi. Ilianza watu wakishatoka msikitini, na nyuma yake ikaja harufu ya tui likichemka na bizari na pilipili mbichi, ikapanda ngazi mpaka juu tulikoanika nguo. Mpita njia angesema ni bibi anajitayarisha kupika, kama wanawake wote wa mtaa. Kumbe alikuwa babu. Babu yangu Mzee Salim, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, mtu ambaye vijana wa barazani walimwinukia akipita, ameketi uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kikoi amekikunja magotini, ndevu zimejaa chembe nyeupe.

Mambo yalianza mwaka ule bibi alipougua. Alipona, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia ulibaki hauna nguvu. Na bibi yangu Zuhura alikuwa mpishi wa kutajwa. Watu wakialikwa harusini waliuliza kwanza kama wali umepita mkononi mwake. Mama na shangazi Rukia walipojitolea kumkunia, aliwafukuza jikoni kwa mwiko, maana aliona wakishika mbuzi yake leo, kesho mtaa mzima utasema Zuhura amekwisha. Babu hakujitolea. Siku moja alivua kofia, akaitundika msumarini, akaketi na kuanza kukuna. Bibi alimtazama, halafu akamsogezea nazi ya pili.

Siku hizo, kwenye kichochoro chetu, mwanamume juu ya mbuzi alikuwa kichekesho cha mwaka mzima. Kwa hiyo nyumba iliwekewa sheria. Sisi wajukuu tulicheza mlangoni mbele, na mgeni akibisha hodi tulimsalimu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Babu akisikia, alijikung'uta, akavaa kofia, akatokea barazani na tasbihi yake, anapiga miayo kama aliyetoka kulala. Nilimpenda sana katika miayo ile ya uongo. Tuliuchunga mlango ule kwelikweli, wala hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kutupita.

Ndipo ikaja habari ya shangazi Rukia. Kijana wa Mkanyageni aitwaye Abdalla alikuwa akimtaka, na shangazi naye alikuwa akimtaka zaidi, ingawa hilo halisemwi. Wazee wa Abdalla walikuwa bado hawajaleta posa. Kwanza walingoja neno la nyanya yake, Bi Fatuma, bibi mkali ambaye ulimi wake ulikuwa umeshavunja posa nyingi kabla hazijafika. Tukaambiwa tuuchunge mlango zaidi. Nasi tukauchunga, mlango wa mbele, mlango wa wanaume. Hakuna aliyekumbuka kwamba wanawake wa Mji wa Kale wakitembeleana hupita nyuma, moja kwa moja mpaka uani.

Bi Fatuma aliingia na mkwewe, buibui bado zi mwilini, akasimama mbele ya babu. "Yaa Rabbi," alisema. "Mzee Salim?"

Bibi alikuwa jikoni, mwiko mkono wa kushoto. Nilimwona akiuficha ule wa kulia ndani ya leso, uso umemwiva. Shangazi alikuwa ameganda ngazini. Babu hakuinuka. Aliyainamisha macho chini kwa heshima ya wageni, lakini mikono haikusimama.

"Karibuni ndani," alisema. "Nisameheni siinuki, nazi haijesha. Huyu mke wangu miaka yote ameninyima mbuzi yake. Yeo ndiyo kwanza amenipa ruhusa, na mimi siiwachi."

Bibi alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Bi Fatuma alimtazama babu, akaitazama leso ya bibi, akasema, "Mashallah," basi. Akanywa sharubati, akaaga. Mashallah ile tuliigeuza kila upande tusijue ina nini ndani. Shangazi alilia jioni nzima kwamba ataozwa mtu mwingine. Baba yangu, kwa hasira ya ndugu mkubwa, akamwambia babu, "Ungeinuka tu, baba, ukaingia chumbani."

"Ningeinuka," babu alijibu, "wangeutazama mkono wa mamako."

Tulingoja kwa dhiki. Hatimaye Ijumaa moja wazee wa Mkanyageni walifika barazani na posa, wakapokewa, yakasemwa yote ya kusemwa. Walipokuwa wakiaga, mmoja wao akatoa kitu kilichofungwa ndani ya leso. Ilikuwa mbuzi mpya, mbao bado zanukia. "Bi Fatuma asema hii ni ya Abdalla," mzee yule alieleza, akijizuia kucheka. "Asema Mzee Salim amfunze kabla ya harusi." Baraza nzima iliangua kicheko, na babu ndiye aliyecheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo mlango wa mbele ulikuwa wazi alasiri, na sauti ya nazi ikitoka mpaka njiani.

Babu aliishi sana. Alimzika bibi, akaendelea kuwakunia wakwe zake mpaka mikono yake mwenyewe ilipokataa, akawapakata vitukuu. Alipofariki mwaka jana, kwenye khitma yake ni mjomba Abdalla, sasa naye ndevu nyeupe, aliyeketi uani na kukuna nazi za wali wa watu wote, akilia bila kujificha.

Mimi siku hizi nakaa ghorofani, upande wa Makupa, na tui langu hutoka kwenye pakiti. Silitukani, nikirudi kutoka kazini nimechoka, nalishukuru. Lakini ni tui lisilo na sauti, na nyumba hukaa kimya mno. Kwa hiyo Ijumaa mume wangu, mtu wa bara aliyejifunza kwa babu, huitoa mbuzi ya bibi chini ya kitanda. Wiki iliyopita jirani yetu alikuja kuazima ngazi, akamkuta amekaa juu ya mbuzi, mlango wazi, akasimama akitabasamu kwa mshangao. Mume wangu hakuacha kukuna.

"Karibu ndani," alimwambia, kwa Kimvita chake cha kuazima. "Nisamehe siinuki. Nazi haijesha."