Kipofu Hafunuliwi

Jasumati hakujua kusema uongo, na msidhani ninamsifu. Katika nyumba ya ukoo, ambako kuta ni za wote na funguo ni za mmoja, asiyejua kuficha jambo huliwa mzimamzima. Alikuwa mjane wa mwaka wa nne, mfunga mafundo ya bandhani, ile kazi ya kubana kitambaa kwa kucha na kukikaza kwa uzi kabla hakijatiwa rangi, fundo baada ya fundo, elfu kwa elfu, mpaka mgongo unasahau kunyooka. Mdomo wake ulikuwa mzito, lakini vidole vyake vilipayuka. Akifurahi tu, vilishika pindo la sari na kuanza kufunga mafundo bila uzi. Mtaa mzima, kuanzia muuza maziwa, ulijua kusoma vidole vya Jasumati.

Mwaka huo binti yake, Ila, alipata barua ya kukubaliwa chuo cha wauguzi Rajkot. Alitakiwa kuripoti mara tu sikukuu za mwezi wa Shravan zikipita. Lakini Vrajlal, kaka mkubwa wa marehemu mumewe na mshika funguo wa nyumba, alikwisha kumpatia mchumba: mpwa wa shemeji yake Jayanti, kijana mwenye duka la matairi na tumbo la kutangulia mlangoni. Kilichobaki ni Jasumati kusema ndiyo. Hakuwa amesema ndiyo, na hakuwa na ubavu wa kusema hapana. Mbele ya Vrajlal alijitanda sari hadi kwenye nyusi, kama desturi inavyomtaka mke wa mdogo mtu, na hakumsemesha ila kupitia kwa mama mkwe. Utampingaje mtu ambaye huruhusiwi hata kumtazama?

Mama mkwe huyo, Ba, alikuwa na miaka themanini, meno manne na akili zote.

"Mimi funguo nilishampa Vrajlal," alimwambia Jasumati siku moja walipokuwa peke yao chumbani juu. "Siwezi kumwamuru tena. Lakini juu ya shuka la Satam, hata yeye ni mchezaji tu."

Siku ya Satam, watu wa Jamnagar hawawashi jiko. Chakula hupikwa jana yake, jiko huoshwa na kupumzishwa kwa heshima ya mungu mke Shitala, na kwa kuwa wanawake hawana moto wa kuhangaikia, karata hutoka. Katika nyumba hiyo shuka lilitandikwa tangu enzi za babu, na lilikuwa na sheria yake: neno ukishaliweka dau juu yake, ni neno, halirudi mfukoni. Ramnik, mumewe Jasumati, aliwahi kupoteza masharubu yake hapo, akanyoa mwaka mzima huku watu wakimwita bibi harusi. Vrajlal mwenyewe aliwahi kupoteza tumbaku. Aliteseka, akanenepa, akagombana na kila mteja aliyeingia dukani kwake kununua sufuria, lakini hakuigusa mpaka Satam iliyofuata. Ukali anao, ila ahadi yake haivunji.

"Nafasi ya Ramnik iko wazi," Ba alisema. "Mwaka huu utakaa wewe."

"Ba! Mimi hata ghulamu na mfalme siwatofautishi."

"Mfalme ndiye mwenye ndevu. Haya, umeshajua nusu."

Walijifunza kwa mbegu za ukwaju badala ya pesa, saa ambazo Mukta, mke wa Vrajlal, alikuwa hekaluni. Kila mtu karata tatu. Tatu za namna moja zinapiga zote. Chini yake ni mfuatano wa rangi moja, kisha mfuatano wa vivi hivi, kisha rangi moja isiyofuatana, kisha jozi. Ukikosa vyote, ulinganishe karata yako kubwa na ya mwenzio.

"Nitayakumbukaje yote haya, Ba?"

"Shali moja unakumbuka mafundo elfu nne, utashindwa na matano?"

Kweli, alikumbuka. Hicho hakikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kwamba kila alipoinua karata nzuri, vidole vyake vilikimbilia pindo la sari, na Ba akatupa zake chini. "Una jozi. Kubwa." Mara nyingine: "Mfuatano huo." Jasumati akakalia mikono yake, vikaanza vidole vya miguu. Ba alicheka hadi akakohoa, halafu kicheko kikakatika.

"Jasu, ukicheza hivi Vrajlal atakunyonyoa kama kuku. Basi wewe usitazame."

"Nisitazame nini?"

"Karata zako. Ziache zimelala kifudifudi. Asiyetazama tunamwita kipofu. Kipofu akiweka moja, aliyetazama lazima aweke mbili. Na wakibaki wawili tu, aliyetazama hana ruhusa ya kumwambia kipofu afunue. Kipofu hafunuliwi. Ama mwenzake aongeze dau, ama atupe zake. Hana njia ya tatu."

"Na kipofu?"

"Kipofu akitaka anaweza kulipa, zote zifunuliwe. Wewe usitake."

"Na zikiwa mbovu?"

"Huzijui kuwa ni mbovu. Vidole vyako vitasema nini juu ya kitu visichokijua?"

Siku ya Satam mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jiko lilikuwa baridi, limechorwa alama nyekundu. Walikula chapati za methi za jana na mtindi, kisha Ba akatandika shuka sebuleni. Vrajlal alipomwona Jasumati akikaa mahali pa Ramnik, alisimama.

"Ba, huyu ni nini? Mke wa mdogo wangu akae mbele yangu ashike karata?"

"Si amejitanda? Uso wake unautakia nini? Ulikuwa unataka wa tano, huyu hapa. Gawa."

Jayanti alicheka. "Mwacheni, shemeji. Pesa za mjane nazo ni pesa."

Saa nzima ya kwanza Jasumati alikuwa mgonjwa kwa hofu. Mkebe wake wa akiba ya mafundo ulipungua rupia kwa rupia. Ujinga haukosi siku yake: mara moja alishindwa na tamaa, akachungulia, akakuta kopa tatu, rangi moja. Hata hajapumua, vidole vilikuwa kwenye pindo. Jayanti akatupa. Mukta akatupa. Ba akatupa. Vrajlal akatupa huku akipiga miayo ya kusudi.

"Mke wa Ramnik ana karata nzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa. Jasumati akaambulia mchango wa kuanzia tu, sarafu tano. Ba alimkata jicho la kuua, na Jasumati hakuchungulia tena.

Ikaja zamu ya kugawa ya Mukta. Jasumati aliziacha zake zimelala, akaweka rupia moja. Jayanti alitazama zake, akasonya, akatupa. Mukta akatupa. Ba akaweka mara mbili, na zamu ilipomrudia naye akatupa. Vrajlal alizichungulia zake kwa kona, moja, ya pili, ya tatu. Uso wake haukubadilika, lakini aliacha kutafuna karafuu.

Akaweka dau. Jasumati naye akaweka. Vrajlal akaongeza. Naye akaongeza, nusu yake, kama kipofu anavyoruhusiwa, mpaka mkono wake ukagusa chini ya mkebe. Rupia mbili.

"Ameishiwa," Vrajlal alisema, akimtazama mama yake. "Mwambie arudi jikoni. Ah, jiko lenyewe leo halina kazi. Basi arudi popote."

Jasumati aliziacha rupia mbili mkebeni. Ila alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maziwa ya mtindi, amesahau alikuwa anampelekea nani.

"Ba," Jasumati alisema chini ya sari, "mwambie Kaka Mkubwa, kama karata zake ni nzuri hivyo, aweke neno. La Ila."

Mukta alisema "Hee!" kisha akajiziba mdomo. Vrajlal alicheka, cha kweli kabisa, kichwa nyuma.

"Haya! Neno langu liko chini. Akishinda, msichana aende Rajkot akashike watu mapigo ya moyo, na sitauliza habari ya mchumba tena mpaka amalize. Lakini naye aweke la kwake."

"La kwake ni ndiyo," Ba alisema. "Ndiyo ya mama, ambayo hajaisema. Jasu, unaiweka?"

Aliiweka. Alisema "Ndiyo yangu iko chini," na sauti ikamtoka ndogo, kama ya mtu anayeuliza njia. Kuanzia hapo, akipoteza, Ila angeolewa kabla ya Diwali, na yeye ndiye angekuwa amemtoa kwa mdomo wake. Jagi la Ila liligonga mlango.

Zamu ilirudi kwa Vrajlal. Yeye alidhani imekwisha. Alikuwa tayari ameanza kufunua, Ba akampiga kofi mkononi.

"Hajatazama! Kipofu hafunuliwi. Weka au tupa."

"Ba, huu ni mchezo tu."

"Ni mchezo, ndiyo maana una sheria."

Vrajlal akaweka rupia mia, noti mpya, akaipigapiga ilale. Kwa mia hiyo Jasumati alidaiwa hamsini, na alikuwa na mbili. Angeweza kutupa, na ndiyo yake iende. Angeweza kukopa na kutaka zifunuliwe, na mtu aliyeacha kutafuna karafuu hafunuliwi bila hasara. Au angeweza kuzitazama, walau ajue. Mkono wake ulizigusa. Lo, jinsi zilivyokuwa karibu! Kuinua kona tu, na moyo ungetulia, kwa heri au kwa shari.

"Tazama," Vrajlal alisema. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini alimsemesha moja kwa moja. "Tazama karata zako, mama wee. Unacheza na mtoto wako bila kutazama?"

"Tazama, dada," Mukta alisihi, na yeye alisihi kwa huruma, ndiyo ikawa ngumu zaidi.

Jasumati aliondoa mkono.

"Ba, mwambie Kaka Mkubwa naongeza. Chumba changu cha juu."

Chumba hicho ndicho pekee katika nyumba nzima kilichoandikwa jina lake, Ramnik alipokufa. Vrajlal alikitamani miaka minne kiwe ghala la sufuria. Sasa kililala juu ya shuka, na macho ya Vrajlal yaling'aa, kisha taratibu yakazimika, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara na alikwisha kupiga hesabu. Aliyetazama huweka mbili.

"Mbili za nini?" Jayanti aliuliza. "Ana vyumba viwili? Anacho cha kulala na duka!"

"Basi ndivyo hivyo," Ba alisema. "Chumba cha kulala na duka. Au atupe."

Vrajlal aliviangalia vidole vya Jasumati. Wote waliviangalia. Vilikuwa vimelala juu ya magoti kama si vya mtu. Havikuwa na habari yoyote ya kutoa. Alivitazama mpaka jasho likamtiririka chini ya sikio, siku ya mvua. Akiweka duka, huyu mwanamke angeweka nini tena? Cherehani? Bangili? Naye angetakiwa aweke maradufu ya hicho, na tena, na tena, na hakuna siku angeruhusiwa kusema fungua. Mukta alikuwa amemshika mkono, kucha zimezama.

"Laana," alisema, akatupa karata zake katikati ya shuka. Ziligeuka. Ghulamu watatu.

Jayanti alishika kichwa. Mtu hupata karata hizo mara moja maishani, wengine hawapati. Vrajlal akanyoosha mkono azifunue za Jasumati, lakini Ba alikuwa mwepesi kuliko miaka yake. Alizikusanya, akazichanganya na zile nyingine zote, akazichanga mara tatu.

"Nilikuwa na haki ya kujua!" Vrajlal alifoka.

"Mwenye haki ni anayelipa. Wewe umetupa."

Vrajlal alihema. Kisha akajisogezea karafuu nyingine. "Jumatatu," alisema bila kumtazama mtu. "Basi la saa moja asubuhi. Nitampeleka mwenyewe, barabara ile ina wezi." Akajikohoza. "Neno ni neno. Gawa, Jayanti."

Jasumati aliinuka, akaenda jikoni kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele za furaha. Ila alimfuata, akaweka jagi chini kwa kishindo, maziwa ya mtindi yakaruka. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira.

"Nani alikwambia uweke chumba?"

"Ila, mwanangu, unakwenda Rajkot! Umesikia? Mwenyewe amesema..."

"Nimesikia! Na kama angeweka lile duka lake? Kama angesema haya, naongeza? Ungelala wapi, Mama? Mimi nikiolewa na yule tumbo, wewe ungelala wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la ua, na sebuleni walikuwa wameanza kubishana juu ya mchango wa kuanzia. Jasumati alikaa sakafuni kando ya jiko, akashika ukingo wake baridi kwa mikono miwili.

"Sijui," alisema. "Sikufika huko."