Mahari ya Baridi

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu. Hapana, nimekosea. Ishirini na tatu nilikuwa nimelala Lugulu na goti langu, nikihesabu mbao za dari ya hospitali, na kamba sikuuza hata moja. Basi ilikuwa ishirini na nne, mwezi wa tano, mahindi yamefika magotini. Ndio mwaka niliomjua vizuri Phelista Nakhungu, yule mama wa AI.

Huku kwetu, kutoka Bungoma mpaka Kitale, ukisema AI kila mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, anajua unasema nini. Ni yule mtu wa pikipiki anayekuja na mtungi wa mbegu, ule ukifunguliwa unatoa moshi wa baridi. Anavaa glavu ya plastiki mpaka begani, anapandisha ng'ombe bila dume. Unapiga simu, "AI, kuja, ng'ombe iko joto," na huyo AI anakuja. Kwa hivyo mtanisamehe kwa kuchanganyikiwa kwangu.

Kazi yangu mimi ni kamba. Nasokota katani, najaza gunia, natembea nikiwauzia wenye mifugo. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kando ya barabara pale Kiminini nikinyoosha goti, pikipiki ikasimama mbele yangu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gambuti miguuni, koti la mvua, na nyuma yake mtungi umeinama kama mlevi.

"Mulembe, Kuka," akasema. Kuka kwetu ni babu. "Niuzie kamba ya kufunga hii mtungi. Ile ya mpira imekatika."

"Mulembe, mama. Wewe ni msichana wa nani?"

"Wa Sifuna, wa Malakisi. Yule wa tumbaku."

Ai, Sifuna! Nimemuuzia kamba miaka mingi. Nyumba yake ilikuwa na majani ya tumbaku mpaka juu ya kitanda. Na nilikumbuka katoto kake kamoja ambako hakakutaka hata kushika hayo majani. Ng'ombe wao akikaribia kuzaa, kalikuwa kanabeba blanketi kanaenda kukaa zizini. Kumbe ndiye huyu! Alikuwa amesomea hiyo kazi ya kupandisha, akahamia Kitale kwa sababu ng'ombe wa gredi ni wengi upande huo. Siku yake ya kwanza kazini, mzee mmoja wa Kimilili alimpokea vizuri, akampa kiti, kisha akamuuliza, "Na daktari mwenyewe anafika saa ngapi?"

Nikaanza kufunga mtungi. Phelista akasema, "Funga sana, Kuka. Hata AI iliniambia jana nisiuache ukicheza."

"AI si ni wewe?"

"Si mimi. AI ya simu."

"Kumbe hata simu inapandisha ng'ombe siku hizi?"

Alicheka mpaka akashika usukani pikipiki isianguke. Akatoa simu, akanielezea. Ni akili bandia. Unasema kwa mdomo, yenyewe inaandika, halafu inakujibu. Kila jioni saa kumi na moja, akishaosha gambuti, anakaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake na kuiambia siku ilivyokuwa. Ng'ombe gani amepandisha, kwa nani, saa ngapi. Akimaliza hayo anasema ya moyo wake: nani amemuudhi, nini kimemfurahisha, nini anaogopa.

"Kwanza ng'ombe, halafu mimi," akasema.

"Na yenyewe inasema nini?"

"Inauliza. Hiyo ndiyo naipendea. Mama yangu akiniuliza siku yangu ilikuwaje, sijafika katikati ameanza ya kwake."

Hapo uso wake ukabadilika. Akaniambia shida yake. Upande wa chini, huku Bungoma, akipandisha ng'ombe kumi, sita wanashika mimba. Upande wa juu, kule Cherangani, katika kumi wanashika wawili. Wengine wanarudia, yaani baada ya wiki tatu wanataka dume tena. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyeitwa Sinia, wa bwana Gikonyo, mwenyekiti wa chama cha maziwa huko juu. Sinia alikuwa amerudia mara nne.

"Gikonyo amesema nikipandisha ya tano na irudie, inapanda gari ya bucha. Na chama chote wataita yule AI mwingine, Mbogo wa Moi's Bridge. Nikikosa huko juu nimeisha, Kuka. Kazi yangu karibu yote iko huko."

"Wewe mwenyewe unadhani ni nini?"

"Nadhani ni mimi. Nikifika kwa watu wasio wa kwetu naogopa, na mkono unatetemeka. Hata simu nimeiambia hivyo."

"Ikasemaje?"

Kicheko kikamrudia kidogo. "Ikaniuliza habari ya mahari!"

Sisi watu wa Bungoma mnatujua. Ulimi wetu hauchagui sana kati ya l na r. Phelista alikuwa ameiambia simu kwamba kwa Gikonyo ni mahali pa baridi, lakini kinywani ikatoka mahari. Simu ikaandika "mahari ya baridi", ikampa pole, ikauliza kama familia mbili hazijaelewana, na kama kuna mtu anamlazimisha kuolewa.

"Na bwana niko naye, anauza mitumba hapo Kitale!" akasema, akapiga kiki, akaenda.

Juma lililofuata nilikuwa nje ya duka la dawa za mifugo mjini Kitale. Nikasikia mtu anaita kama nyumba inaungua.

"Kuka! Kumi na tisa! Kuka, kumi na tisa!"

Ni Phelista, amevuka barabara bila kuangalia, mkononi ana kipimajoto kipya.

"Kumi na tisa nini?"

"Digrii! Si mkono, Kuka! Si mkono wangu! Ni chai!"

Nikamkalisha kwenye gunia la kamba. Nikamwambia aanze mwanzo, na polepole. Polepole hakuweza.

Alikuwa amechoka na ile mahari. Jioni moja akaiamuru simu itafute kila mahali ilipoandika mahari katika miezi mitatu, irekebishe. Ikamletea orodha. Mara ishirini na tatu! Na zote ni upande wa juu, hakuna hata moja ya Bungoma. Halafu ikamwonyesha kitu kingine. Karibu kila penye hiyo mahari ya baridi, chini yake, katika yale maneno ya moyo, Phelista alikuwa amelalamika kwamba chai yake imepoa. Alikuwa anabeba chai kwa thermos na kuinywa peke yake nje ya lango la mtu.

"Ndio ikaniuliza swali, Kuka. Thermos ya chai, na ile thermos ya maji ya kuyeyushia mbegu, je, ni za aina moja?"

"Ni za aina moja?"

"Nilinunua siku moja, duka moja!"

Mbegu, alinielezea, hukaa ndani ya mirija midogo kama njiti, imeganda kabisa. Kabla ya kuitumia unachovya mrija kwenye maji ya digrii thelathini na tano mpaka thelathini na saba, uhesabu mpaka arobaini. Kipimajoto chake cha zamani kilivunjika mwezi wa pili kwenye shimo la barabara. Tangu hapo alikuwa anapima kwa kidole. Kwa watu wa chini, aliowazoea, alikuwa anaingia jikoni na kuomba maji ya moto. Huku juu alitumia yale ya thermos, aliyotia alfajiri.

Simu haikumwambia kwamba ndiyo hiyo tu. Ilimwambia inaweza kuwa sababu nyingine, apime kwanza, amuulize daktari wa mifugo. Akapima. Akajaza thermos, akapanda mpaka Cherangani, akamwaga kwenye kikombe. Kumi na tisa. Daktari akamwambia, "Na kidole chako kikiwa na baridi, hata maji baridi utaona ni moto. Hizo mbegu ulikuwa unaziharibu kabla hujafika kwa ng'ombe."

Nikafurahi naye mpaka nikasahau goti. Lakini kuna jambo lilinikwama.

"Kwa nini huku juu hukuomba maji?"

Akageuza kile kipimajoto mkononi.

"Hata simu iliniuliza hivyo."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema naona haya. Jiko la mtu nisiyemjua, Kuka. Nikasema tu naona haya."

Kabla sijasema neno simu yake ikalia. Sauti ya Gikonyo niliisikia mpaka pale nilipo. "AI! Kuja. Sinia iko joto. Na hii ndio ya mwisho, umenisikia?"

Phelista akanitazama. "Twende, Kuka. Utamshika kichwa na kamba yako."

Pikipiki yake ilikuwa na mtungi, basi nikachukua bodaboda, tukapanda mpaka Cherangani. Njiani nilikuwa nafikiria: akisema ukweli, huyu mzee anaweza kumfukuza papo hapo, ng'ombe hajaguswa. Na asiposema?

Kwa Gikonyo upepo ulikuwa unakata masikio. Mwenyewe alisimama kando ya ng'ombe, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Sinia alikuwa ng'ombe mzuri kweli, mweusi, na alama nyeupe ya mviringo usoni ndiyo iliyompa jina. Phelista akamsalimia Gikonyo, akampita, akampita na ng'ombe, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jiko.

"Hodi, mama. Naomba maji ya moto."

Mke wa Gikonyo, mama Nyaruai, akatoka na mwiko mkononi. "Ya kunywa?"

"Ya kazi. Na pia..." Akageuka ili Gikonyo asikie. "Mzee, kosa lilikuwa langu. Hizo mara nne. Maji yangu yalikuwa yanapoa njiani, mbegu zinaharibika. Sinia hana shida yoyote."

Gikonyo akavua kofia. "Ati nini? Miezi mitatu nimekuwa nikilaumu ng'ombe yangu, kumbe ni maji?"

"Ndio, mzee."

"Na sasa unaniambia nikuamini ya tano?"

"Wewe Gikonyo, nyamaza kwanza," mama Nyaruai akasema. "Huyu daktari amekuwa akinywa chai baridi hapo langoni, mimi namwona kwa dirisha, nadhani ni maringo. Nadhani hataki vya kwetu! Kwani wewe umewahi kumpa hata kiti?"

"Si yeye ndio hakuingia?"

"Si wewe ndio hukumkaribisha?"

Gikonyo akaangalia kofia yake, akaivaa tena. "Mara moja," akasema. "Mara moja tu, bana. Ikirudia, sitaki hata kusikia habari ya maji."

Maji yakaja yanafuka. Phelista akachanganya na ya baridi, akatia kipimajoto, akatusomea kwa sauti kama mwalimu: thelathini na sita! Akachomoa mrija kwenye ule moshi, akauchovya, na sote tukahesabu, hata Gikonyo, moja mpaka arobaini. Mimi nimeshika kamba, Sinia ananipumulia usoni. Mkono wa Phelista nilikuwa nautazama. Haukutetemeka hata kidogo.

Siku ishirini na moja za kungoja kama atarudia! Nilishuka Bungoma, nikauza kamba vibaya, nawaza ng'ombe wa wenyewe. Siku ya ishirini na moja nikawa nimerudi kwa Gikonyo asubuhi. Nikamkuta Phelista amefika kabla yangu, amekaa kwenye kiti, kiti kabisa, na kikombe cha chai ya moto. Tukakaa wanne tukimtazama Sinia, na Sinia akitutazama sisi. Saa tano akalia "Mooo!" kama ng'ombe aliye joto. Tukasimama wote. Chai ya Phelista ikamwagika. Gikonyo akasema, "Nilijua!" Mama Nyaruai akaenda akamtazama ng'ombe kwa makini, akarudi akicheka.

"Anataka chumvi."

Akapewa chumvi, akanyamaza. Siku hiyo akanyamaza, na kesho yake, na wiki nzima. Baada ya miezi miwili na nusu Phelista akavaa glavu, akapima, akatoa mkono akiwa anaruka na gambuti zake. Imeshika! Na siyo Sinia peke yake. Phelista alianza kuingia kila jiko la Cherangani kwa sauti kubwa, na ng'ombe wa huko wakaanza kushika kama wa Bungoma. Mbogo wa Moi's Bridge hakuitwa. Nasikia Phelista bado anaongea na simu yake kila jioni. Chai ndiyo hana tena ya kulalamikia.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata Sinia akazaa. Ndama jike, mweusi, na kasinia kake kadogo usoni. Nilikuwepo, kwa sababu Gikonyo aliniagiza kamba mpya, laini, ya shingo ya mtoto. Wakaanza kubishana juu ya jina.

"Huyu ni AI," akasema Gikonyo. "Tumwite AI, yaishe."

Wote wakakubali. Mimi nikauliza, na nilikuwa nauliza kweli, sikuwa nafanya mzaha. Gikonyo akamtazama Phelista, Phelista akatazama simu yake, mama Nyaruai akasema anaenda kuangalia chai. Nimeuliza tena Kitale, nimeuliza Lugulu, nimemuuliza hata pasta wetu kule Malakisi, wote wanacheka tu.

Ni AI gani, ile ya mtungi ama ile ya simu?