Baiskeli ya mahari yangu inaning'inia juu ya kitanda chetu

Ametuandikia dada mmoja aliyeko Mbarara. Jina tumelificha kama alivyoomba, maneno ni yake. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumjibu.

Habari zenu nyote. Nina miaka ishirini na tisa, Mkongo wa Kivu Kusini, nimekulia Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda. Sasa naishi Mbarara na mume wangu na binti yetu, chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya juu kabisa chini ya bati. Ndoa yangu inataka kuvunjika kwa sababu ya mahali pa kuweka baiskeli. Mwenye kucheka acheke, mimi kulia nimeshalia vya kutosha.

Nilipochumbiwa, ukweni hawakuwa na ng'ombe, na ukimbizini nani alikuwa nao? Wazee walikaa wakakubaliana kwamba baiskeli mpya isimame badala ya ng'ombe. Shemeji zangu waliileta nyumbani Juru ikiwa imefungwa kitenge kwenye usukani. Baba akaizunguka, akapiga kengele, akacheka kama mtoto. Tangu hapo alikuwa akipelekea maharage sokoni Base Camp, na kila akirudi aliifuta tope kabla ya kunawa miguu yake mwenyewe.

Kisha wazazi na wadogo zangu wakapata safari ya kuhamia ng'ambo. Mimi kwa kuwa nilishaolewa, nilihesabiwa kuwa wa nyumba nyingine, nikabaki. Asubuhi ya kuondoka baba alinishikisha usukani. "Unichungie hii kinga," alisema. Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili chetu. "Usiiuzishe, usiipatie mutu." Basi likaondoka na watu wangu wote. Sina ndugu mwingine katika Uganda hii.

Tulipohamia Mbarara mume wangu akapata kazi ya kuchomelea mageti, na baiskeli ikawa kero. Kuiacha chini ni kuwapa wezi. Tukaiweka koridoni, mwenye nyumba akapanda ngazi amefura. Ni mke wa mwanajeshi, Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, na baiskeli yeye huiita gaali. "Mimi hapana taka gaali kwa koridoo. Watu nagonga magoti. Weka ndani ama mimi natupa chini." Ndani tukawa tunairuka kwenda kitandani, na pedeli ikamchana mtoto shavuni.

Mume wangu ana akili ya mikono, hilo sitamnyima. Alichomelea ndoano, akazifunga kwenye boriti, akapitisha kamba kwenye kapi. Akafungua pedeli, akalegeza usukani na kuugeuza ulale sambamba na fremu. Ukivuta kamba, baiskeli inapanda na kulala bapa juu ya kitanda, na chini unapata nafasi ya jiko, meza na mtoto kucheza. Majirani walikuja kutazama. Hata mwenye nyumba alisimama mlangoni akasema, "Fundi, wewe iko na akili. Kuja fanya kwa chumba yangu pia." Siku hiyo nilitembea nimejaa maringo, nimeolewa na mtu wa maana.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Nakivale. Hakuwa amekaa vizuri alipoinua macho.

"Mwanangu, hii kinga haiko ile tulipelekaka kwa baba yake?"

"Ni yenyewe, mama. Ilikosa fasi, nikaipandisha juu."

Alisukuma kikombe cha chai pembeni. "Mahari ikirudia mu nyumba ya mwenye aliitoa, bibi naye amerudishwa kwabo. Na weye unamulaza chini yake."

Nilimweleza kwamba baba hakurudisha chochote, aliniachia nimtunzie tu. Alinisikiliza kwa upole, maana ananipenda yule mama, na upole wake ndio ulioniumiza. "Najua, binti yangu. Lakini kinga iko wapi? Iko huku."

Tangu hapo mume wangu analala kwenye mkeka. Mtoto anauliza kama baba ana homa. Nilishauri tuipeleke kwa mama yake, akasema ni yale yale, bado ni upande wao. Kuiuza siwezi. Baba hupiga simu Jumapili, na kabla ya kuuliza kama tumekula anauliza, "Kinga yangu inalia bado?" Naishusha kwa kamba, napiga kengele karibu na simu, na yeye kule anasikiliza.

Juzi nimetoka sokoni nikakuta baiskeli iko chini. Mume wangu amerudisha pedeli, amenyoosha usukani, amejaza upepo, na amefunga kitenge changu kwenye karia.

"Mama anasema njia ni moja," alisema akiangalia magurudumu. "Urudi nayo kwenu Juru, ulale kule. Nitakuja na bazee nikuchukue upya, na mbuzi. Kinga itabakia kule kwenu."

Najua hanifukuzi. Anatafuta namna ya kulala tena karibu nami. Lakini kwetu ni wapi? Nyumba ya baba walishapewa watu wengine. Nilipita pale mwaka jana nikakuta mama nisiyemjua anaanika maharage kwenye ua wetu. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza nimepotea njia au namtafuta nani. Nikaomba maji ya kunywa.

Wamepanga iwe Jumamosi. Baiskeli imeegemea mlango, tumeanza tena kuiruka. Baba bado sijamwambia. Ninyi wazee mnaojua mila, na ninyi dada zangu mlioolewa ukimbizini, nishaurini kabla siku hiyo haijafika: nikifika Juru na baiskeli hii, nigonge mlango wa nani?