Vitanda vya Msiba

Nasema tena, na wa kuudhika audhike: mama yangu hakuzikwa na watalii. Alizikwa na ndugu zake, na wajukuu zake, na akina mama wa jumuiya waliomwimbia mpaka sauti zikawakauka. Anayetaka kuwaita hao wageni wa gesti aje aniambie usoni, asiniandikie karatasini.

Nina gesti ya vyumba vinane hapa Sumbawanga, si mbali na stendi. Tuliijenga mimi na marehemu mume wangu kwa fedha za mahindi, mavuno haya msingi, mavuno yale ukuta, mpaka siku tukapandisha bati. Nyumba ninayoishi iko humo humo uani, mlango wa jikoni unatazamana na chumba namba moja. Watu wakisikia una gesti wanadhani unalalia noti. Jamani! Njooni masika, barabara ya kushukia Mtowisa ikiwa tope tupu. Nampata dereva wa lori aliyekwama, nampata mwalimu mgeni anayetafuta chumba cha kupanga, basi. Siku nyingine vitanda vyote vimetandikwa vizuri na anayelala kwenye ua mzima ni mimi peke yangu na paka. Wanunuzi wa mahindi wakija wakati wa mavuno tunapumua, tunalipa umeme na ada. Ndiyo biashara yenyewe, wala sikuwahi kuilalamikia.

Mama alifia mikononi mwangu, kipupwe kikiwa ndiyo kwanza kinaanza. Alikuwa anaishi na mimi tangu miguu ilipomkataa kulima. Msiba ukawa hapa hapa uani, na msiba hauna hodi. Walikuja ndugu wa Kirando, kule ziwani, na gunia la dagaa. Walikuja wa Mtowisa na mchele, wakitetemeka kwa baridi yetu maana kwao bondeni ni joto mwaka mzima. Jirani yangu Msukuma, mfugaji, alileta dume la ng'ombe akalifunga kwenye nguzo ya geti. Sasa watu kama hao unawauliza watalala wapi? Nilifungua vyumba vyote vinane. Akina mama walilala watatu watatu kitandani, vijana wakajibana kwenye mikeka. Kumtoza mtu aliyekuja kulia na wewe! Hata mtoto mdogo wa Kifipa anajua hilo halifanyiki.

Siku ya tatu, tumeshazika, akaingia kijana mtanashati na begi begani. Ofisi iliyomtuma siitaji, nina ndugu zangu humo na wana watoto wa kusomesha. Akasema, "Shikamoo mama, pole sana na msiba." Nikamwitikia, nikamvutia kiti. Akanawishwa mikono, akawekewa ugali wa ulezi na wale dagaa wa Kirando. Alikula vizuri kijana wa watu, akaomba aongezewe mchuzi, nami nikafurahi, maana chakula cha msiba kikiliwa marehemu anakuwa ameheshimiwa.

Alipomaliza akainuka, akaanza kuchungulia chumba kimoja kimoja na kuandika. Nilidhani anatafuta pa kujinyoosha. Nikamfuata na khanga yangu ya msiba kiunoni.

"Mwanangu, unaandika nini?"

"Vitanda vilivyolaliwa, mama. Tunazungukia nyumba zote za kulala wageni. Ndivyo tunavyopata makadirio ya ushuru."

"Lakini hawa ni wafiwa. Hawajalipa hata senti."

"Naelewa, mama. Pole sana. Ila fomu inauliza kitanda kimelaliwa au hakikulaliwa. Haiulizi aliyelala alikuwa analia au anacheka."

Loo! Siku nyingine angenitambua, lakini nilikuwa sijalala tangu mama akate roho, na ndani walikuwa wananiita kwa ajili ya rozari. Nikamwacha aende zake.

Haikupita muda barua ikaja. Eti nimekadiriwa kama nyumba inayojaa mwaka mzima, kwa hiyo ushuru wangu umepanda hivyo hivyo. Nisipolipa, milango itatiwa kufuli. Na chini kabisa wameongeza mstari: nyumba inatoa huduma ya chakula, nayo inatakiwa kulipiwa. Huduma ya chakula! Ugali wa msiba alioula kwa mkono wake mwenyewe! Niliisoma barua ile nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikacheka kicheko kilichomfanya mwanangu aje mbio akidhani nimechanganyikiwa.

Nikaenda ofisini kwao. Njoo kesho. Kesho nikaenda, mhusika yuko kwenye kikao. Nikaenda tena mpaka mlinzi akawa ananisalimia kama shemeji yake. Nilipompata mkuu wao, mtu mzima wa makamo yangu, aliisikiliza habari yote huku anatikisa kichwa kwa huruma, halafu akasema, "Mama, mfumo ukishapokea haurudi nyuma." Nikamuuliza huo mfumo una mama? Akasema tusifike huko.

Kisha wakatuita wenye gesti wote wa kata yetu kwenye kikao. Tukapewa soda. Ukutani wakaonyesha mchoro wenye nguzo nguzo, kila mwezi na nguzo yake: hapa fupi, hapa fupi, halafu moja imechomoza kuwapita wenzake. Mkuu akaigusa na fimbo. "Mnaona wenyewe. Vyumba vilijaa. Utalii wa ndani unakua, na mapato yenu yanakua." Watu wakapiga makofi, maana ukipewa soda unapiga makofi.

Nikautazama mwezi ule. Ni mwezi wa mama.

Nilisimama bila kunyoosha mkono. Nikasema, "Mheshimiwa, hiyo nguzo ndefu unayoigusa na fimbo ni msiba wa mama yangu." Mzee mmoja nyuma yangu, naye ana gesti, akadakia, "Na mimi mwezi huo nilikuwa na kipaimara cha mjukuu. Nyumba nzima ilikuwa mashemeji, na hakuna aliyelipa!" Hapo watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliwauliza: hayo mapato yaliyokua yako wapi? Nani anayo mfukoni? Mkuu akasema hoja imepokelewa, tunywe soda.

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, ningefanyaje? Mwenye nguvu mpishe. Gesti ikitiwa kufuli mtoto wangu haendi chuo, na nyumba ya jasho la mume wangu inageuka banda la popo. Lakini sikiliza fedha niliitoa wapi. Mama alikuwa na magunia yake ya ulezi stoo, ya shamba lake la mwisho, aliyoyapepeta mwenyewe amekaa chini kwa sababu ya miguu. Aliniambia wazi, "Huu usiuguse. Ni wa pombe ya arobaini yangu. Watu wakija wanywe, wasirudi na koo kavu." Ndio nilioupakia kwenye guta nikaupeleka sokoni. Mama yangu, akiwa kaburini, aliwalipia kitanda waliokuja kumzika.

Arobaini ikafika katikati ya kipupwe, ule upepo wa Ufipa unaopenya hadi kwenye mifupa. Jioni nikasikia watu getini lakini haingii mtu. Nikatoka. Mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, amesimama nje na mfuko wake wa dagaa, amejifunga khanga mbili juu ya sweta. Nyuma yake wenzake wa Kirando.

"Shikamoo mama mdogo. Mbona mmesimama kwenye upepo? Piteni ndani!"

"Marahaba, mwanangu." Hakusogea. Akafungua pindo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa ikawa ndogo kama kidonge. "Chumba siku hizi ni bei gani?"

Sikuelewa. Nikamwambia aache utani.

"Si utani. Tumesikia mara ile tulikutia hasara. Tumechangishana kidogo."

Na wale wengine, haki ya Mungu, kila mmoja alikuwa ameshika chake mkononi.

Nililia, tena kuliko siku ya kuzika. Niliikunja ile noti nikairudisha kwenye pindo lake, nikalifunga fundo mwenyewe. Kisha nikachukua funguo nikafunga vyumba vyote vinane, vitanda vikiwa vimetandikwa mashuka meupe, hakuna aliyekanyaga. Sebule yangu nikaitoa viti nje. Nikaazima mikeka na magodoro kwa majirani, Msukuma wangu akaleta blanketi. Tukalala sebuleni, jikoni, koridoni, tumebanana mama mdogo akinikoromea sikioni. Pombe haikuwepo. Tulikunywa chai, na mtu hakuuliza ulezi umekwenda wapi, maana walijua.

Asubuhi nikaipiga ile namba ya simu iliyokuwa kwenye barua. Akapokea yule yule kijana wa fomu, nikamwambia, nyumba imejaa watu, njoo uhesabu. Alikuja upesi. Nikamfungulia chumba kimoja baada ya kingine: shuka halijakunjamana, mto haujabonyea. Nikampitisha na sebuleni, kina mama wanakunja mikeka, wakamtazama.

"Haya, fomu yako inauliza kimelaliwa au hakikulaliwa. Andika."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa nzito kidogo siku hiyo. Akasema, "Pole, mama," kwa sauti ya chini, akabaki amesimama. Uani chai ilikuwa inachemka na mihogo imeshaiva, harufu inamfikia, na kwetu mtu akifika msibani hakosi kuvutiwa kiti. Mama mdogo akanitazama akingoja niseme karibu.

Nikamfungulia geti. Nikamwambia, "Kwaheri, mwanangu. Hapa chakula hakiuzwi."