Kuku Mweupe kutoka Nyacheki

Kwanza niseme wazi kwamba mimi sikuomba kuku. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Kisii, kwenye ploti ambayo ukipiga chafya nyuma ya nyumba, jirani anakupa pole bila kusimama. Tayari tulikuwa na kuku tisa, na kati yao ni wanne tu tuliowanunua. Waliobaki waliletwa. Huku kwa watu wa mume wangu, ukienda kumsalimia mtu wa ukoo huwezi kurudi mikono mitupu. Unapewa mkungu wa ndizi, na ukipendwa sana unapewa kuku hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kuku huyo hukatai, na wala huwezi kumchinja mapema, kwa sababu aliyekupa atauliza habari zake kama anavyouliza habari za mtoto. Banda letu lilikuwa limejaa kuku wa shangazi wa Ogembo na kuku wa binamu wa Nyamira, kila mmoja amekuja na tabia za kwao.

Mimi mwenyewe si wa huku. Nilizaliwa upande wa ziwa, na mama mkwe wangu, mjane anayelima chai Nyacheki, hakuwahi kuficha kwamba alitaka mwanawe aoe msichana wa karibu, anayeongea Kigusii. Kwa miaka kumi na moja tulisalimiana kwa Kiswahili, lugha ambayo si yake wala si yangu, tukaulizana habari za mvua, basi. Zawadi zake zilikuwa za mwanawe na za wajukuu. Ndiyo maana nilishtuka siku tuliyokwenda kumwona, aliponivuta jikoni kwake na kunikabidhi kuku mweupe, mnene, macho makali.

"Hii ni yako wewe," akasema. "Si ya nyumba."

Njiani mume wangu aliniambia hajawahi kumwona mama yake akimpa mke wa mwanawe yeyote kuku mkono kwa mkono. Nilimpakata yule kuku mpaka nyumbani, akanichafulia sketi, na sikujali.

Nikafanya nililoona ndilo la heshima. Wifi zangu wawili tuliwakuta nyumbani wamekuja kututembelea, nikawaita waje washuhudie zawadi ya mama yao ikipokelewa. Saa nane mchana, jua linawaka, nikamfungua kamba na kumwachia katikati ya wenzake. Wifi zangu wakapiga makofi. Hatujafika hata mlangoni, tukasikia kelele.

Kuku wa mayai mmoja mwekundu, ambaye nilimwita mwenyekiti kwa jinsi anavyojiona, alikuwa amempanda mgongoni na kumnyonyoa manyoya ya mkia. Nilimfukuza kwa kandambili. Jioni niliporudi kutoka kanisani kulikuwa na tone la damu, na kuku wakishaona damu, akili zao zote huishia hapo. Kufikia Jumatano mgongo wa kuku wangu ulikuwa uchi, mwekundu, na hata wale wa shangazi, ambao sikuwatarajia, walikuwa wamejiunga.

Watu wakanipa ushauri. Mungu wangu, watu wana ushauri. Muuza dawa za mifugo mjini alinipa dawa ya zambarau ya kupaka, akaniuliza kama kuku wangu wana nafasi ya kutembea. Nafasi ipi? Jirani yangu amepanda mboga, sukuma na managu, mpaka kwenye ua, na ameshaniambia kwa adabu zote kwamba kuku atakayevuka ni mboga yake. Kwa hiyo kuku wangu hushinda wamefungiwa. Mwenzangu wa ofisini akasema ni ukosefu wa chumvi. Mama mmoja wa soko la Daraja Mbili akaniuzia kabeji ya kuning'iniza bandani ili wawe na kazi ya kufanya. Waliimaliza kabla ya saa nne, wakarudi kwenye kazi yao ya zamani. Fundi wa pikipiki ndiye aliyenimaliza. Alinipa oili chafu kwenye chupa ya soda, akaapa kwamba hakuna kuku atakayegusa kidonda kilichopakwa hiyo. Niliharibu blauzi, kuku akawa mweusi nusu, na wenzake waliendelea kumdonoa, sasa kwa midomo myeusi.

Mwishowe nilimtenga ndani ya kreti kwenye veranda. Kidonda kilikauka, manyoya yakaanza kuchipuka. Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa wanakula, nikamrudisha kwa furaha. Wakamvamia kama vile hawajawahi kumwona. Nikamtenga tena, akapona tena, nikamrudisha tena, mchana kweupe kama mwanzo, na mambo yakawa yale yale. Mume wangu akasema tumchinje tu, tumwambie mama aliugua. Siku hiyo alikula ugali na maziwa, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumpikia mtu mwenye mawazo kama hayo. Kwake alikuwa kitoweo. Kwangu alikuwa kitu pekee ambacho yule mama aliwahi kunipa kwa mkono wake, na mimi nilikuwa nakiharibu.

Kisha mama mkwe akapiga simu. Anakuja mjini kupimwa macho, na akitoka huko atapitia kwetu aone kuku.

Naona aibu kusema kwamba nilikwenda sokoni kutafuta kuku mwingine mweupe. Nilimpata hata mmoja, nikamshika, nikamgeuza. Lakini mama mkwe ni mtu aliyefuga kuku maisha yake yote. Angejua kabla hajaketi, na nisingeweza tena kumtazama usoni. Nikamrudishia muuzaji kuku wake.

Mama mkwe alipofika alikataa chai. Nilimpeleka kwenye veranda nikafunua kreti. Akamtoa kuku, akamgeuza, akapuliza manyoya kutazama ngozi chini yake. Mimi nikaanza kueleza mbio mbio, zambarau, chumvi, kabeji, oili, bila kupumua. Alinyanyua kiganja ninyamaze, akauliza swali moja tu. Nilimwingizaje bandani?

Nikamweleza, na bado nilikuwa na fahari kidogo: mchana, mbele ya binti zake, ili zawadi yake ionekane.

Akatikisa kichwa. "Kuku mgeni haiingizwi mchana. Unangoja giza. Hizo zingine zikilala, unaiweka katikati yao kwa ule mti wa kulalia. Asubuhi zikiamka zinafikiria ni yao."

Hapo damu ikanichemka. Nilimwambia hakuna aliyeniambia hilo. Mji mzima umenishauri, hakuna hata mmoja aliyesema neno hilo dogo. Na yeye mwenyewe alinipa kuku mkononi akaniacha niende nikakosee. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na nilijua siongei tena habari za kuku tu. Sijawahi kumpandishia sauti. Nikangoja anitie adabu.

Hakukasirika. Alimweka kuku mapajani, akawa anamlainisha manyoya machache ya shingo yaliyobaki.

"Hata wewe," akasema, "tuliingiza mchana."

Nikaiona tena siku ile nilipoletwa kwao: uwanja umejaa, wifi zangu wakicheka ninavyotamka salamu zao, mtu akiuliza kwa sauti kama msichana wa ziwani anajua hata kuchuma chai, na yeye akiwa ameketi pale pale mlangoni na kikombe mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandaa hotuba ya siku kama hii. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi nikiosha vyombo. Yote ikanitoka kichwani.

"Niliumia, Mama," nikasema.

"Najua," akasema, bila kuinua macho kutoka kwa kuku. "Nilikuwa naona."