Tofali Langu Ndani ya Beseni

Katika kitabu cha mjukuu wangu nimetajwa mara moja tu, kwenye ukurasa wa shukrani, chini ya Mungu, chini ya maprofesa, chini ya mchumba wake ambaye hajawahi kunibebea hata bidoni moja ya maji. Katekista jirani yangu ndiye alinisomea, kwa sababu kitabu ni cha Kifaransa na mimi niliacha shule mwaka wa tatu. Imeandikwa: asante kwa koko yangu, kwa maombi yake. Koko, yaani bibi, ndiye mimi.

Maombi! Mungu namuomba Jumapili. Siku zingine zote nilikuwa nachunga maji.

Mjukuu huyo nimemlea mimi, tangu mama yake alipokwenda Kamituga kuuza vikwembe, vile vitenge vya kina mama, na kukaa hukohuko. Akafika chuo kikuu, hapa Bukavu, na mimi nikatembea mtaani shingo juu. Kwa kazi yake ya mwisho alichagua vidudu vya mtoni, upande wa Nyantende. Kwa Kiswahili sijasikia jina lao. Wenye kusoma wanaviita trikopteri. Kidudu chenyewe ni kiwavi laini, rangi ya maziwa yaliyoingia moshi, uchi mgongo mzima. Lakini fundi! Kinatoa uzi mdomoni, kinabandika chembe za mchanga moja moja, mpaka kinapata bomba la kuingia mwili wote, na kinatembea na nyumba yake. Kikikomaa kinafunga mlango. Siku moja anatoka humo mdudu wa mabawa, kama nondo aliyenyimwa rangi.

Alitakiwa kujibu swali moja: mto ule una makabila mangapi ya vidudu hivi? Kiwavi peke yake hakitoshi kutambua. Sharti kilelewe mpaka kipate mabawa. Labo ya chuo ina bomba linalokohoa hewa tu. Kwangu, mtaa wa Panzi, nyuma ya jiko, maji ya mlima yanatoka bombani baridi bila kukatika.

“Koko, uniwekee hapa wiki mbili tu.”

Wiki mbili zikawa miezi minne.

Hakuna aliyenifundisha. Wa kwanza walikufa wengi, vichwa nje ya nyumba zao, mimi nikaona kwamba joto ndilo linawaua. Basi maji nikayaacha yadondoke polepole ndani ya beseni, saa zote. Jua likivuka paa, nasogeza beseni ukutani, nafunika na jani la mgomba. Chakula chao ni majani yaliyooza, ya miti ya kando ya mto. Ya avoka hawagusi, niliwajaribu. Nilikuwa nakwenda mwenyewe kuyaokota, na magoti yangu haya.

Jumamosi mjukuu anakuja, anachukua waliokomaa, anawatia katika vichupa vya alkoli. Ndani ya kila kichupa anaweka kikaratasi chenye jina la mto, siku, na jina la mtu aliyewaokota na kuwalea. Anaandika kwa krayoni, kalamu ya risasi. Alinieleza mwenyewe: wino wa biki unayeyuka ndani ya alkoli, krayoni haitoki. Jina lilikuwa lake kila mara. Sikuona ubaya. Nilikuwa hata nafurahi kuliona.

Kisha mchanga wa mtoni ukaisha ndani ya beseni. Ule mto una mawe meusi, na mchanga wake ni mweusi. Mvua ilikuwa imeharibu njia. Nikachukua kipande cha tofali cha ukuta wangu wa choo uliokuwa umeanguka, nikakiponda, nikakiosha mpaka maji yakatakata, nikawamwagia. Wakakipokea bila kiburi! Wakaendelea kujenga hapo walipofikia: nyuma nyeusi, mbele nyekundu, kama wanafunzi wa masista wenye kola.

Mjukuu alipoviona aliruka.

“Koko! Angalia hawa! Hawa ni bengine kabisa!”

“Ni bazuri,” nikasema.

Nilifikiri anasifu kazi yangu. Hakuuliza wamekula nini, wamejengea nini. Alipiga picha, akawakata vijiguu, vikatumwa ng'ambo kusomwa damu. Akarudi kuandika.

Siku ya kutetea kitabu nilivaa kikwembe changu cha harusi ya mwanangu. Nilikuwa nimeshapika kuku na sombe ya majani ya muhogo. Nikakaa mstari wa nyuma. Walisema Kifaransa, nikashika hapa na pale. Nilishika pale aliposema kwamba vidudu amevilea yeye, ndani ya labo. Niliinama. Nikajiambia, labda kitabu kinataka hivyo.

Katika juri, wale maprofesa wa kumhoji, kulikuwa na mzee mmoja wa miwani, mtu wa kule Walungu, ambaye kila akikasirika alirudi kwenye Kiswahili.

“Mademoiselle, hapa unaandika makabila mbili, ya nyumba nyeusi tu na ya nyumba ya mbele nyekundu. Damu yenye ilisomwa ng'ambo inasema kabila ni moja. Nani anadanganya, weye ao damu?”

“Papa profesa, pengine kule balikosea.”

“Balikosea. Na ule mto naujua, niliuvuka nikiwa mutoto. Hii muchanga nyekundu inatoka wapi?”

Mjukuu wangu akafunuafunua kurasa za kitabu. Niliona mgongo wake unalowa jasho. Diploma yake ilikuwa inamwagika mbele yangu kama maji ya bidoni iliyotoboka, na kizibo kilikuwa mdomoni mwangu. Nikasimama.

“Papa, ni tofali. Ni tofali ya choo yangu.”

Watu wakageuka. Mjukuu hakugeuka. Alisema kwa juri, taratibu, kwa Kiswahili ili nisikie:

“Mumuache tu. Iko muzee.”

Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Neno lile nalo limeingia hapohapo penye uchungu wao.

Mzee wa miwani hakuniacha. “Maman, uliiweka, halafu balianza kujenga kisha siku ngapi?”

“Siku ya tatu, papa. Badogo ndio balianza. Bakubwa balikuwa baliisha kufunga mulango.”

Akaandika. Kisha akavua miwani, akamtazama mjukuu wangu. “Mademoiselle, kumbe labo yako inavaa kikwembe.”

Chumba kizima kilicheka. Mjukuu akapita, kwa sharti la kusahihisha kitabu. Kuku wangu hakumgusa.

“Koko, umenihaibisha mbele ya batu.”

“Nimekuokoa.”

“Ungenyamaza tu.”

Katika kitabu kilichosahihishwa kabila ni moja. Tofali limo pia: katekista alinisomea kwamba mwanafunzi aliwapa tofali kwa makusudi, ndani ya labo, ili aone kama watabadilisha nyumba. Kosa langu limekuwa akili yake. Miezi minne yangu imekuwa maombi.

Baada ya Pasaka alirudi na vidudu vipya. Mzee wa miwani alitaka jaribio la tofali lirudiwe, liandikwe katika gazeti la wataalamu.

“Koko, uniwekee.”

“Weka mwenyewe. Bomba ni ile. Mimi nitaomba.”

Alikaa kwangu, akafungulia maji, akaponda tofali. Siku mbili mawingu yalimsaidia. Siku ya tatu jua likavuka paa. Yeye alikuwa ndani na simu yake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, nachagua maharage, hatua nne kutoka beseni. Niliona vichwa vinaanza kutoka nje ya nyumba. Nilijua cha kufanya. Mikono ilibaki katika maharage.

Jioni walikuwa weupe, wamelegea kama wali. Sikufurahi, viumbe wale niliwazoea. Lakini msamaha sikuomba, na siombi hapa.

Mjukuu alikaa kwenye kizingiti, beseni miguuni.

“Koko, weye ulikuwa unafanya nini juu basikufe?”

Ndiyo mara ya kwanza kuniuliza jinsi nilivyowalinda wasife.

“Leta kwanza kale kakaratasi ka mu chupa,” nikasema. “Na krayoni.”

Akaleta.

“Andika jina yangu.”

Alikageuza kale kakaratasi, upana wa kidole, jina lake liko tayari juu.

“Koko, kako kadogo. Majina mbili haitaenea.”

“Basi, utoe yako.”