Mzee Aliyesusa Mpira wa Magongo

Apeni kwanza kwamba hili halitoki hapa. Nami niliapa hivyo mbele ya mzee mwenyewe, lakini mdomo wangu mnaujua.

Tulikuwa kijijini Maguu, kwenye foleni ya kupima kahawa. Bwana shamba, mgeni wa kutoka Mwanza, ameshika simu, sisi tumemzunguka tukiitazama timu yetu ya taifa ya wanaume ya mpira wa magongo ikicheza ughaibuni, kwenye michezo ya mataifa. Yumo kijana wa hapahapa kijijini, na baba yake alikuwa nasi foleni.

Bwana shamba akamwita, "Shikamoo mzee, njoo umwone mwanao!"

"Marahaba. Simtazami. Kaniachia kahawa inaoza, kaenda kukimbizana na fimbo ya kupuria maharage!"

Akaondoka zake nyuma ya ghala. Tangu kijana aende kambini, mzee hapokei hata simu za mwanawe. Kwa wazee wa milimani kwetu, kumsifu mtoto mbele za watu ni aibu, lakini huyu alizidi.

Mara kijana akafunga bao! Vigelegele nilianzisha mimi. Tukakimbilia nyuma ya ghala wote, hata mpima kahawa, tumpe baba habari.

Tukamkuta ameinama, fimbo ya maharage mikononi, anapiga gunzi la mahindi vilevile alivyopiga mwanawe, machozi yanamtoka.

"Mzee, unafanya nini?"

"Naua panya."

Simu yake, iliyoegemezwa kwenye gunia, ilikuwa inarudia lile bao.